Dereva Aliyekuwa Akishuka Mtoni

Mtu aliyenifundisha kuendesha gari alikuwa na tabia ya kushuka. Tulikuwa tukitoka na lori kwenye jineri la pamba, upande wa Kagongwa, mimi nimeshika usukani, yeye amekaa kushoto kwangu, mkono wake ukielea karibu na gia kama wa mtu anayemlinda mtoto anayeanza kutembea. Tukiukaribia mto, pale ambapo barabara inateremka ghafla na kupita juu ya zege pana, na wakati wa masika maji hupita juu ya zege hilo, alikuwa akisema, "Simama." Nasimama. Anafungua mlango, anashuka, anavua viatu, anavifunga kamba pamoja na kuvitundika shingoni. Kisha anasema, "Haya, nenda." Hivyo naachwa na lori zima, kijana ambaye hata ndevu zilikuwa bado hazijaamua.

Hilo tungeweza kulizoea. Lililotushinda ni kwamba hakuwa akitazama. Nikitupia jicho kwenye kioo cha pembeni nilimwona amesimama katikati ya barabara, amenipa mgongo, anaangalia tulikotoka.

Nimezunguka sana tangu wakati ule. Nimefanya kazi getini kwenye mgodi wa Mwadui, nimeuza chumvi na sabuni Kharumwa, nimekaa Ushirombo nikaoa huko, nikaondoka, nikarudi, nikaondoka tena. Kila nilikokwenda nimewasimulia watu habari za mgongo ule, na kila mtu amenipa maelezo yake. Mmoja aliniambia mzee alikuwa na deni na mizimu ya mto. Mwingine alisema alikuwa anakwenda haja ndogo, basi. Mimi mwenyewe sina la kusema. Nimeona niyaandike yote jinsi ninavyoyakumbuka, huenda yakikaa karatasini yataelewana, maana kichwani mwangu hayajawahi kuelewana.

Tulimwita Dereva. Jinerini walikuwapo madereva wengi na kila mmoja alikuwa na jina lake, lakini yeye alikuwa Dereva tu. Hata mkewe, Mama Kabula, alisimama mlangoni akaita, "Dereva, chai inapoa." Alikuwa mfupi. Alikalia gunia lililokunjwa ili aone mbele, na hakumruhusu mtu mwingine alikalie gunia lile. Kabla ya kuwasha injini aliizunguka gari yote, akainama na kuchungulia chini, upande huu na upande ule. Tulimcheka. Siku moja alimtoa utingo wetu akiwa amelala fofofo kwenye kivuli kati ya magurudumu, mdomo wazi. Alimvuta mguu, akamwambia, "Amka, ng'wanone, mwanangu, ukalale kwenu." Tulicheka zaidi, lakini siku zilizofuata niliona vijana wote wanainama.

Lazima nieleze ilikuwaje vijana wadogo kama sisi wakapewa malori. Miaka ile ya sitini pamba ilikuwa nyingi kuliko madereva. Msimu wa ununuzi ukianza, magunia yalirundikana kwenye vituo vijijini, mvua za mwisho zimeharibu barabara, na jineri linataka pamba. Walianza kwa kuchukua madereva wenye leseni. Wakiisha, walichukua utingo. Wakiisha, walichukua sisi wanafunzi tuliorudi likizo. Hakuna aliyeuliza umri. Waliuliza kama miguu inafika kwenye breki. Kijana aliyekuwa juu ya pamba juzi akifunga turubai, leo alikuwa ndani, kiwiko kimetoka dirishani, anapunga mkono kwa wasichana waliokuwa wakitoka kisimani.

Kitu kimoja tu kilisimama kati ya kijana na lori, nacho kilikuwa neno la Dereva. Alikuwa akimpeleka barabarani, anamrudisha, anamwendea msimamizi na kusema, "Huyu mpeni." Akikaa kimya, unarudi juu ya pamba. Hakueleza. Ukimwuliza umekosea wapi, alisema, "Sijui. Bado." Neno lile "bado" lilitutesa kuliko matusi.

Watu walimwona mwoga, na kwa kweli aliogopa vitu vingi, ila havikuwa vile tulivyovitegemea. Milima hakuiogopa. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa, malori yakizama mpaka ekseli, alivua shati akaimba huku akichimba. Alichokiogopa ni vumbi. Gari nyingine ikitupita wakati wa kiangazi na kutuachia lile wingu, hakuendelea hata hatua. "Pembeni. Zima." Anachukua chupa ya maji chini ya kiti, anakunywa taratibu, anaisogeza kwako unywe. Mnakaa pale mkisikiliza injini ya mwenzenu ikipotea, mpaka mwone tena miti ya upande wa pili. Madereva wengine wakirudi na kutukuta tumeegesha walipiga kelele madirishani, "Dereva kasimama tena! Ana mimba huyo?" Naye aliwainulia chupa.

"Dereva," nilimwambia siku moja, "barabara ni ileile. Hata kama hatuioni, haijaondoka."

"Barabara haijaondoka," alisema. "Aliyeko juu yake ndiye nisiyemjua."

Kitu kingine alichokiogopa ni ng'ombe, na hapa ndipo alipotuonea aibu. Karibu sote tulikuwa tumechunga. Nilikua nyuma ya mikia ya ng'ombe wa babu yangu kabla sijajua kusoma. Lakini ukimpandisha mchungaji kwenye lori, kuna kitu kinamtoka. Kundi likianza kuvuka, anabonyeza honi. Anabonyeza na kubonyeza, kama ng'ombe ni wa watu asiowajua, kama hajawahi kulala zizini. Mimi nilifanya hivyohivyo. Dereva alinishika mkono.

"Wewe ulichunga?"

"Nilichunga."

"Ulikuwa na honi?"

"Nilikuwa napiga mluzi."

"Sasa?"

Alinizimia injini. Akatoa kichwa nje akapiga mluzi ule wa kwetu, wa polepole, wa kuwaambia wanyama kwamba hakuna haraka. Kundi likavuka likinusanusa lori. Nikawasha. Akazima tena. "Usiwatazame waliovuka," alisema. "Tafuta ndama." Kweli, upande walikotoka ng'ombe kulikuwa na ndama mmoja amebaki kwenye majani. Mama yake, aliyekuwa amevuka zamani, aligeuka katikati ya kundi na kurudi mbio mbele ya bampa yetu, bila kututazama kabisa. Ningekuwa nimekwisha ondoa gari. Nilichunga miaka yote ile na jambo hilo nililijua vizuri. Lilikuwa limenitoka kwa sababu nimekaa juu na nimeshika usukani.

Mtu huyohuyo, sasa, ungemwona kwenye baiskeli. Jumapili alimpakia Mama Kabula nyuma, wakaelekea Kagongwa, na ule mteremko wa kuingia mjini aliushuka ameachia mikono yote miwili, ameitandaza kama kunguru, anaimba. Mama Kabula alikuwa akipiga mayowe mpaka watu wanatoka madukani. Nilimkuta sokoni siku moja anamnunulia kitenge cha kumtuliza.

"Dereva, sisi unatusimamisha kwa vumbi tu."

"Lile lori si langu. Baiskeli ni yangu. Nikianguka, naanguka mimi."

"Na Mama Kabula?"

"Mama Kabula alikubali mwenyewe kanisani, mbele ya padri," alisema, na Mama Kabula akampiga na kile kitenge. Nilicheka, lakini niliondoka pale nikiwa na jiwe dogo kichwani. Nilitaka mtu wa kunifundisha awe kitu kimoja.

Katika kundi letu kijana aliyependwa kuliko wote alikuwa Masanja. Alikuwa rafiki yangu. Alibadilisha gia bila sauti, kama mtu anayekunja nguo. Pale mtoni, akiachwa peke yake, alivuka bila hata kurusha maji, wakati mimi nilitoka upande wa pili injini ikikohoa. Mwingine wetu alikuwa Lugata, ambaye tulimwita Konokono. Lugata alisimama kabla ya mto hata kama mto umekauka. Alishuka, akatazama, akapanda. Tulimchoka. Masanja aliambiwa "Huyu mpeni" mwanzoni tu mwa msimu wake wa kwanza, na hakuna aliyeona ajabu. Lugata alipoambiwa hivyo baadaye, ndipo tuliposhangaa.

Mimi nilikuwa shuleni jambo lilipotokea. Lugata alikuwa nyuma kwenye lile lori, na ni yeye aliyenisimulia, pamoja na yale aliyoambiwa na waliokuwa mbele, kwa hiyo nasimulia alivyonisimulia. Pamba ilikuwa imeisha na ulikuwa wakati wa mashindano ya ngoma. Kwetu kulikuwa na vyama viwili vya wachezaji, na mshindi ni yule anayevuta umati mkubwa zaidi upande wake. Mkulima mmoja tajiri alikodi lori kuwapeleka watu wa chama chetu, na Masanja akaendesha. Walishinda. Mchana wakawa wanarudi, ngoma na wachezaji nyuma, na mbele, pale kwenye kiti cha lori, vijana wenzake wamebanana mpaka mmoja amekaa na mguu mmoja kila upande wa gia. Mbele yao barabarani kulikuwa na lori la wale walioshindwa, linatimua vumbi.

Mtu wa kwingine hataelewa uzito wake. Umeshinda mchezo, umati wote ulikuwa wako, halafu unarudi nyumbani unakula vumbi la uliowashinda! Nyuma wasichana waliacha kuimba kwa sababu ya kukohoa. Wale walioshindwa waligeuka na kuwapungia mikono, wakicheka.

"Masanja," wenzake walisema, "tumeshinda au tumeshindwa?"

Masanja alitazama mbele.

"Sasa wataingia kijijini kwanza wao. Wataimba wao. Masanja, wewe ni dereva au ni Konokono?"

Lugata aliniambia alisikia injini ikipanda, na alijua. Alipiga bodi ya lori kwa kiganja, akapiga na kupiga, lakini nyuma kila mtu alikuwa anapiga kitu. Waliingia ndani ya vumbi kama watu wanaoingia nyumbani mwao. Ndani yake kulikuwa na mkokoteni wa ng'ombe unakuja. Masanja aliukwepa, lori likaenda shimoni, likalala ubavu. Alikufa palepale, na mpiga ngoma mmoja pamoja naye. Wengine waliinuka wamevunjika. Mzee wa mkokoteni hakupata hata mkwaruzo. Alishuka akaanza kuwatoa watu, mmoja mmoja, akiwaita wanangu.

Nilirudi tukiwa bado matangani. Dereva alikuja akakaa mbali, karibu na mifugo, hakukaa na madereva. Baba yake Masanja alimwendea. Hakuwa na hasira, nafikiri alitaka kuelewa tu.

"Dereva, wewe si ulisema ameiva?"

"Nilisema."

"Ulimwonaje?"

"Nilimwona akiwa peke yake," alisema Dereva. "Akiwa na wenzake sikumwona."

Watu walitazamana. Ndipo mama yake Masanja, aliyekuwa amelala chini miongoni mwa wanawake, aliinua kichwa. "Hata peke yake hukumwona," alisema. "Wote wanajua. Ulimpa mgongo."

Dereva aliinuka. Aliondoka akiwa ameacha kofia yake, na hakuna aliyempelekea mpaka asubuhi.

Tulidhani hatafundisha tena, na wazazi wengine walitumaini hivyo. Alirudi msimu uliofuata, na alilorudi nalo lilifanya watu waseme amerukwa na akili. Sasa hakumpeleka kijana barabarani peke yake. Alijaza wenzake mbele kwenye kiti, akajibana kando ya usukani, na tukifika kwenye mbuga, pale barabara iliponyooka, aliwaambia, "Pigeni kelele. Mtukaneni. Mwambieni watu wanampita." Vijana walifurahi kama siku ya sikukuu. Kijana akiongeza mwendo, hata kidogo, Dereva alinyoosha mkono na kuzima injini. "Shuka. Nenda nyumbani kwa miguu." Na jua lile, na umbali ule.

Zamu yangu ilifika. Nilikuwa nimejiandaa, nimeapa moyoni kwamba sitasikia lolote. Lugata, aliyekuwa mpole siku zote, alikuwa shetani siku ile. "Msomi!" alinipigia kelele sikioni. "Wamekufundisha kusoma breki tu? Bibi yangu na punda wake wametupita! Bibi anakusalimia!" Wenzake walikuwa wanalia kwa kicheko. Hata mimi nilicheka. Nilikuwa bado nacheka niliposikia mkono wa Dereva kwenye ufunguo na lori likanyamaza.

"Shuka."

"Dereva, si ninyi mlioniambia nikanyage?"

"Tulikuambia."

"Sasa kosa langu liko wapi?"

Alinitazama muda mrefu. Nadhani alitaka kunijibu, uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta kitu mfukoni. Halafu akakaa kwenye gunia lake, akawasha, wakaniacha.

Nilitembea nikimtukana njia nzima. Jambo lililonichanganya halikuwa kutembea. Ni kwamba tukifika mtoni, alikuwa bado anashuka. Bado alimshusha kila mtu, akamwacha kijana peke yake, akampa mgongo. Kwenye mbuga anakujazia watu, mtoni anakuondolea watu. Huku anakufundisha usiwasikilize, kule anakufundisha hawapo. Nilimwuliza, "Dereva, tufuate lipi?"

"Yote."

"Haiwezekani yote."

"Basi bado," alisema.

Hakuniambia "Huyu mpeni" hata siku moja. Nilimaliza shule, nikaanza maisha yangu ya kuhamahama, na udereva nikajifunza kwa watu wengine, kwa haraka, bila mto. Lugata anaendesha mpaka leo, hajagonga hata kuku.

Nilimwona Dereva kwa mara ya mwisho kwa sababu ya mwanangu.

Paulo alilelewa na mama yake Ushirombo. Nilikuwa nikienda na kurudi, narudi na zawadi, nakuta amekua tena. Mwaka ule alikuwa na miaka kumi na saba, umri wa leseni bado, na tajiri mmoja mnunuzi wa dhahabu kule Kharumwa alimwahidi kazi ya kuendesha pikapu, kupeleka wachimbaji kwenye maduara yao, yale mashimo ya dhahabu, na kuwarudisha. Nilipomwuliza tajiri habari za leseni alicheka. "Baba Paulo, kule porini trafiki ni nani? Trafiki ni mbuzi." Alimpa Paulo gari aende nalo Kagongwa kuchukua magunia. Akilirudisha salama kabla ya jioni, kazi ni yake. Mama Paulo hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Mtoto nilikuwa naye mimi. Ukimpa huo usukani, jibu utakuwa nalo wewe." Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya mgongo wa mtu.

Njiani tulimpitia Dereva, tukamkuta kwake, si mbali na mto uleule, ameketi nje anamenya mihogo kwa kupapasa. Mama Kabula alikuwa amefariki. Macho ya Dereva yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, meupe kama maziwa.

"Shikamoo, babu," alisema Paulo.

"Marahaba. Nani huyo?"

"Ni mwanangu, Dereva. Mimi ni Msomi."

"Msomi!" Alicheka mpaka kisu kikaanguka. "Ulifika nyumbani siku ile?"

"Nilifika."

"Umechelewa kuja kuniambia."

Nilimweleza shida yangu. Alisikiliza, akanawa mikono, akasema, "Twende." Paulo alinitazama kama anauliza kwa nini tumpande kipofu kwenye gari ampime dereva. Na mimi nilikuwa najiuliza.

Mtoni Dereva alisikia mteremko kabla mimi sijaukumbuka. "Simama." Alishuka akavua viatu. Nilibaki nimekaa. "Na wewe," aliniambia. "Shuka, mwache." Tulishuka. Gari likaondoka, na Dereva akaugeuzia mto mgongo, yeye asiyeona kitu, akasimama kama zamani.

"Dereva, kwa nini ulikuwa unatupa mgongo?"

"Kijana akitazamwa, anaendesha kwa ajili ya anayemtazama."

Nilihisi kitu kimekaa mahali pake baada ya miaka yote ile. Nilitikisa kichwa, nikaridhika. Akaongeza, "Halafu nilikuwa naogopa. Sikuweza kutazama."

"Ni lipi kati ya hayo?"

"Wewe ulisoma. Chagua."

Hapo ndipo injini iliponyamaza. Nilisikia kengele za ng'ombe, nyingi, zikiteremka mtoni. Niligundua kwamba nami nimeupa mto mgongo, na sijui nilifanya hivyo saa ngapi.

"Limemzimikia," nilisema, "au kalizima mwenyewe?"

"Macho ni yako. Geuka."

Niligeuka. Paulo alikuwa amekaa katikati ya zege, mikono yake imetulia kwenye usukani, kundi linampita pande zote mbili. Kijana yule hakuwahi kuchunga hata kuku. Kundi lilivuka lote, na bado hakuwasha. Upande wetu ndama alikuwa anashuka akiteleza, mama yake anamrudia. Walipokutana, ndipo Paulo alipowasha.

"Anatutazama kwenye kioo?" Dereva aliuliza.

"Hatutazami."

"Basi huyo ameiva, akiwa peke yake." Alianza kuvuka maji, mkono wake begani kwangu. "Kule Kharumwa atapakia watu?"

"Wachimbaji."

"Nyuma tu?"

"Nyuma na mbele. Watabanana."

"Akiwa na watu, unamjua?"

Nilifikiri jinsi Paulo anavyocheka na wenzake, nikaona sikumbuki. Sikuwahi kukaa mahali pamoja muda wa kutosha kuwasikia. "Simjui," nilisema.

"Tupande."

Tulibanana watatu mbele, Dereva katikati, mimi mlangoni. Tulipofika kwenye mbuga lori la pamba lilitupita likatuachia vumbi, na Dereva akanigusa goti. Nikaanza. Nilianza kwa aibu, kama mtu anayeimba mbele ya wageni. "Paulo, kanyaga! Wametupita!" Dereva naye akaingia kwa ile sauti yake nyembamba, "Kanyaga, mjukuu! Mimi sioni lakini najua wewe ni konokono!" Paulo alitutazama, akaona wazee wawili wamechanganyikiwa, akacheka na kuendelea polepole. Nilimwambia bibi na punda wake wametupita. Alicheka zaidi. Nilianza kufurahi. Nilianza kuona kwamba atashinda, na sijui kwa nini sikuishia hapo. Labda kwa sababu sikuwa bado nimesema jambo ambalo kijana husikia. Nilinyamazisha mchezo katika sauti yangu.

"Paulo," nilisema, "kumbe nina mtoto wa hivi. Naona aibu."

Injini ikapanda. Ilipanda sana, na vumbi likatufunika kioo chote. Mkono wa Dereva ulikwenda moja kwa moja kwenye ufunguo, kama haukuhitaji macho. Gari lilijiendea polepole mpaka likasimama.

"Shuka," alisema.

"Nini?"

"Shuka. Nenda Kagongwa kwa miguu."

Paulo alinigeukia mimi. "Baba, si ninyi mlioniambia nikanyage?"

"Tulikuambia," nilisema.

"Sasa kosa langu nini?"

Nilimtazama Dereva. Alikuwa ameelekeza macho yake meupe mbele, na nilielewa kwamba anangoja, kwamba amengoja miaka yote hiyo mtu mwingine ajibu swali lile. Paulo alishuka, akaubamiza mlango, akaanza kutembea. Kazi ya Kharumwa ilikuwa inaondoka na jua lile, wote watatu tulijua.

Nilihamia kwenye usukani. Vumbi lilipotulia nikawasha, nikaweka gia ya kwanza.

"Unamfuata," alisema Dereva.

"Namfuata."

"Mimi nilikuwa nawaacha."

"Najua."

"Fanya unavyoona," alisema, akaanza kutafuta chupa ya maji chini ya kiti.

Tulikwenda hivyo mpaka nyumba za kwanza za Kagongwa, gari nyuma ya mtoto. Mara kwa mara aligeuka kuona kama bado tupo, na kila alipogeuka nilijikuta natazama pembeni. Alikuwa na hasira, shati limelowa jasho, miguu ina vumbi mpaka magotini, anatupa mikono akijibizana na mtu asiyekuwepo, mzima kabisa.